Ndiyo ya Adabu Si Kura

Mtu akifungua mlango akakukuta umesimama na makaratasi yako, akasema, "Aa, mama, usijali, kura yangu unayo," usiandike kitu. Hapo hujapata kura. Umepata salamu.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kanisa letu kwa sababu wawili wenu wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akidhani ni siri, kuniambia wanataka kugombea. Vizuri. Mimi nimekaa katika Bunge la jimbo la Minnesota, pale Saint Paul, vipindi sita. Nilifika pale na darasa la sita la Machakos na mgongo uliochoka kuinua wazee wa watu. Maneno haya ni yangu. Mjukuu wangu amenisaidia nukta na herufi kubwa tu.

"Susu, hapa tuweke neno zuri zaidi," aliniambia, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini mdomoni hakitoki.

"Hilo lililopo lina kasoro gani?"

"Halina."

"Basi liache lifanye kazi."

Nimepitisha mambo mengi pale, na mengine yamenipita. Nitawaambia habari ya mswada mmoja, maana ndio ulionitoa nyumbani na ndio ulionifundisha kazi.

Kabla ya siasa nilikuwa natunza wazee katika nyumba moja kule Golden Valley, mimi na mwenzangu Furaha. Furaha ni Mkongo wa Bukavu, na tuliishi jengo moja mjini Hopkins, yeye chini, mimi juu. Asubuhi moja watu walipungua kwenye shifti. Chumba cha mwisho kulikuwa na mzee mmoja mkubwa wa mwili, hawezi kusimama, anataka kutolewa kitandani akae kwenye kiti. Msimamizi akamwuliza Furaha, utaweza peke yako? Furaha akajibu, "Ndiyo, madamu." Mzee akaanza kuteleza, Furaha akamshika asianguke, na kitu kikakatika mgongoni mwake. Mzee hakupata hata mkwaruzo. Furaha hajainua hata ndoo tangu siku ile.

Nilipokwenda kumwona nilikuwa na hasira naye. "Kwa nini hukukataa?"

"Nikatae namna gani? Ule ni mukubwa wangu," akasema, amelala chali, macho kwenye dari. "Mutu mukubwa anakuuliza kama utaweza, unamujibu hapana? Mama Mwende, weye ungemujibu hapana?"

Ndiyo ya namna ile mimi nimeisema mara nyingi sana, ila mgongo wangu ulikuwa na bahati. Nikamwahidi pale pale kwamba itakuwa sheria: mgonjwa asiyeweza kusimama haguswi na mtu mmoja. Wawili, au mmoja na mashine ya kuinulia. Akacheka, akashika mbavu, akaniambia nisimchekeshe, inauma.

Sasa, kutoka chumba cha hospitali mpaka Bungeni katikati kuna milango. Mingi.

Aliyenifundisha milango ni bibi mmoja Mmarekani anaitwa Delores, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na kusaidia wagombea wa chama chetu kila uchaguzi. Hakuwa na maneno laini. Alinipa penseli siku ya kwanza, nikamwambia nina kalamu. Akasema kalamu ya wino itaganda kabla ya vidole vyako, shika hiyo. Alinifundisha kugonga kisha kurudi nyuma hatua mbili, mtu akifungua asikukute puani. Alinikataza kupita Jumapili mchana wakati wa mpira wao, na kukanyaga nyasi za mtu ili kufupisha njia. Na kwenye majengo ya kupanga yenye mlango wa chini uliofungwa, alinifundisha kubeba karatasi ya sheria, maana sheria ya jimbo hili inamruhusu mgombea aingie agonge, na walinzi wengi hawaijui. Unaionyesha kwa tabasamu. Huigombei.

Kwenye karatasi ya majina kila mpiga kura unampa namba. Moja maana yake ni wako kabisa. Tatu, bado hajulikani. Tano maana yake usirudi tena.

Yale majengo ya zamani ya Hopkins, ya matofali, yasiyo na lifti, ndiyo yaliyokuwa yangu. Wakenya wa hospitalini, Wakongo wenye watoto wengi, wote wananijua. Kila mlango ni karibu mama, ingia mama, chai mama. Huku kwetu hukatai chai. Delores alimaliza mtaa mzima wa nyumba za chini wakati mimi nimetoka mlango wa nne, tumbo limejaa. Lakini karatasi yangu ilipendeza! Moja, moja, moja, kama ua wa mabua umesimama wima.

Delores akaivaa miwani yake akaiangalia. "Hawa wote ni moja?"

"Wote."

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza kama natumia sukari."

Hakucheka. Akanirudishia karatasi. "Zipporah, mtu anayekwenda kupiga kura huwa ana swali."

Sikumsikia. Nilikuwa na ua wangu wa mabua. Siku ya kura nilivaa gauni la kanisani, na jioni nikashindwa, tena si kwa kidogo.

Wiki iliyofuata nikapanda ngazi zile zile na karatasi ile ile. Sikwenda kulaumu mtu. Nilitaka kujua. Mlango wa kwanza alikuwa muuguzi mmoja kijana, mtu wa Nakuru, ambaye chai yake nilikunywa vikombe viwili.

"Ulinipigia?"

Akaangalia viatu vyake. "Mama, mimi nina grinkadi. Uraia bado."

"Mbona uliniambia kura yako ninayo?"

"Sasa ningekuambiaje, mama? Umeketi kwangu, unakunywa chai, nikuambie hapana?"

Mlango wa pili alikuwa kwenye shifti mbili mfululizo na hakuomba ruhusa. Wa tatu alidhani kura inapigwa shule yoyote, akaenda shule ya watoto wake, akarudishwa. Wa nne, dada mmoja wa kwaya, nampenda kwa ujasiri wake, aliniambia, "Mimi nilipigia yule mwingine. Yeye aliniuliza kuhusu theluji wanayoturundikia kwenye maegesho. Wewe uliniuliza habari za mama yangu." Nikamwambia asante. Yeye alistahili namba tano, na tano ya kweli inakufaa kuliko moja kumi za uongo.

Sikuwakasirikia. Adabu ile mimi mwenyewe naifundisha nyumbani kwangu, na mtoto wangu akimjibu mkubwa hapana ya macho makavu nitamrudi. Kosa lilikuwa langu: nilijua adabu yetu ilivyo, halafu nikaihesabu kana kwamba ni kura.

Mara ya pili nilibadili maneno. Sikuuliza tena "utanipigia?" Niliuliza: unapigia kura wapi? Utakwenda kabla ya kazi au baada? Watoto utamwachia nani? Mtu akiwa na jibu, naandika. Akisema "tutaangalia, mama," nacheka naye na kuandika tatu. Na niliuliza bila haya, nani humu ndani ana uraia? Asiye nao nilimwambia asione aibu, kura hana lakini gari analo, awabebe wenye kura. Yule muuguzi wa Nakuru aliwabeba watu mchana kutwa. Na chai nilikunywa nimesimama mlangoni. Walinisema sana kanisani kwa hilo. Nilishinda.

Bungeni napo nilianza kwa vituko. Wiki ya kwanza, kila mbunge mzee alipoingia ukumbini nilisimama, nilivyolelewa. Kumbe mle ukisimama maana yake unaomba kuzungumza. Spika akanipa nafasi. Nikasema hapana, asante, nikaketi. Akaingia mzee mwingine, nikasimama. Akanipa nafasi tena. Mara ya tatu Spika akauliza, kwa upole, kama Mheshimiwa ana tatizo na kiti chake.

Tena nasoma polepole, kidole juu ya mstari, midomo ikicheza. Mwanzoni nilikuwa najificha. Baadaye nikagundua wenzangu waliosoma vyuo vikubwa wanaruka mistari, mimi siruki. Waliacha kunicheka nilipoanza kuwaonyesha kilichomo kwenye miswada waliyokuwa wamekwisha kuisifu. Msione haya kusoma polepole. Oneni haya kutosoma.

Mswada wa Furaha nikaupeleka kipindi changu cha pili. Ili upite zinatakiwa kura sitini na nane. Nikazunguka ofisi kwa ofisi na penseli yangu. Na watu wa Minnesota, mnawajua, wana maneno matamu. "Wazo zuri sana hilo, Zipporah." "Umelieleza vizuri kweli." "Nitaliangalia kwa moyo wote." Mmoja alinifungia na keki ya kupeleka nyumbani. Nikaandika moja, moja, moja. Nikahesabu zaidi ya sabini. Nikamwita Furaha aje akae kwenye roshani ya wageni.

Mle ukumbini kila mbunge ana kitufe cha kijani na chekundu, na majina yote yako kwenye ubao mkubwa ukutani. Nilibonyeza kijani nikainua macho. Wekundu ulienea ubaoni kama upele. Mtu wa keki alikuwa mwekundu.

Nilipokutana na Furaha nje hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Hawa bazungu, walikuambia ndiyo?"

"Waliniambia ndiyo."

"Ah. Kumbe nao wako na adabu."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko tu. Watu wa huku hawakuambii hapana usoni, sawasawa na sisi, ila wao wanaipaka sukari ya aina nyingine. Kosa moja nimelifanya mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekwisha kulipia fundisho.

Nikaupeleka tena, ukafia kwenye kamati. Nikaupeleka tena, ukafia huko huko. Miaka ikaenda. Kipindi cha sita nikatangaza kwamba sigombei tena, magoti yamekwisha, na nikaupeleka mara ya mwisho. Ukikwama sasa umekwama, na ahadi yangu kwa Furaha nitakwenda nayo nyumbani mkononi.

Kati ya ofisi zetu na jumba la Bunge kuna njia ya chini ya ardhi, ya kukwepa baridi. Ukitaka mtu asikukimbie, mkute humo, hakuna pa kukatia kona. Humo ndimo nilimonyakwa mimi na mbunge mwenzangu, wakili mmoja kijana wa chama changu, mwenye kuvaa vizuri.

"Zipporah, nimekupatia njia," akasema, ananipa karatasi. "Badala ya kulazimisha watu wawili, sheria iseme mfanyakazi ana haki ya kukataa kuinua peke yake, na akikataa asiadhibiwe. Wakubwa wa chama wamekubali. Unapita wiki hii. Ukikataa, sijui. Huu ni mwaka wako wa mwisho."

"Na ule wangu kama ulivyo, wewe utauunga mkono?"

"Asilimia mia!"

"Utakuwa umeketi kwenye kiti chako saa ya kura?"

"Asilimia mia, Zipporah." Huku anaangalia simu.

Nikaandika tatu.

Nawaambia kweli, nilishawishika. Ushindi ulikuwa mezani, umekatwa vipande, nikae nile. Picha na gavana, makofi kanisani. Nilikwenda na ile karatasi kwa Furaha, nikamsomea, kidole juu ya mstari.

Alisikiliza yote. "Ile haki ya kukataa," akasema, "ile siku sikukuwa nayo? Nani alinifunga kinywa? Mimi mwenyewe nilisema ndiyo, madamu. Hii karatasi yako ingekuwa kwa mufuko, ningesema tu ndiyo, madamu."

Nikaikunja. Asubuhi yake nikamrudishia wakili.

Nani alibaki wa kumwomba kura? Alibaki Mzee Arvid. Huyu alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka kaskazini, wa chama kile kingine, na kila mwaka nilipomwuliza alinijibu neno moja: "Hapana." Hana keki, hana wazo zuri sana. Nilikuwa namheshimu kwa hilo. Mwaka ule nikamkuta njia ya chini ya ardhi, nikamwuliza, akasema "Hapana," kisha akasimama. "Nyumba ya wazee ya mji wangu ina wafanyakazi wawili mchana. Mmoja akiwa jikoni, huyo wa pili afanye nini?"

Lilikuwa swali.

"Arvid, ng'ombe akilala zizini hataki kuinuka, unamwinua mwenyewe?"

"Una wazimu? Namwita ndugu yangu, na trekta."

"Na ng'ombe hana mtoto wa kukushitaki."

Akatoa sauti puani, nadhani ndicho kicheko chao cha kaskazini. Tukasimama pale hata watu wakatuzunguka kupita. Alitaka kitu kimoja: nyumba ndogo za mashambani zipewe miaka miwili ya kununua hiyo mashine. Nikamwambia nitamwuliza mwenye mswada. Akasema, mwenye mswada si ni wewe? Nikasema hapana.

Furaha hakusita. "Hao wangoje. Mugongo yangu haitarudi leo ao kesho. Lakini kisha miaka mbili, ni lazima?"

"Lazima."

"Basi, andika."

Niliandika. Kisha nikaizunguka orodha yote upya, mmoja mmoja, kwa maswali ya mlangoni: utakuwa ukumbini? Wakileta yale marekebisho ya haki ya kukataa, utafanya nini? Nani anakupigia simu akikutaka useme hapana, na wewe humjibu nini? Waliosifu wazo nikawapa tatu. Walionikunjia uso na kuuliza mambo magumu nikawahesabu. Siku ya kura karatasi yangu ilikuwa chafu, imefutwafutwa, na chini yake iliandikwa sitini na tisa.

Nilisimama, na safari hii nilitaka kweli kuzungumza. Nilisema maneno machache. Nilisema, "Mheshimiwa Spika, mimi nimelelewa kutomkatalia mkubwa. Wengi wanaowainua mama zenu asubuhi hii wamelelewa hivyo hivyo. Mkiwapa haki ya kukataa, mmewapa kitu ambacho hawatathubutu kukitoa mfukoni. Msimwulize kama ataweza. Mpeni mtu wa pili." Nikaketi.

Marekebisho yale yakaangushwa kwanza. Kisha ukaja mswada wenyewe. Nikabonyeza kijani, nikaweka karatasi pajani, nikainua macho. Jina la Arvid, kijani. Aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Yesu." Jina la wakili halikuwa na rangi, alikuwa ametoka nje kupokea simu. Kura za kijani zilikuwa sitini na tisa. Sikuhitaji kusubiri zisomwe. Niliangalia karatasi yangu, nikaangalia ubao, na kwa miaka yote niliyokaa mle sijawahi kujisikia mtu wa kazi yangu kama dakika ile. Juu kwenye roshani Furaha alikuwa amesimama, mikono kichwani, anampigia kelele mtu wa usalama aliyekuwa anamwomba aketi.

Seneti ikafuata, gavana akatia sahihi. Picha ninayo. Furaha ndiye aliye katikati.

Sheria ilipoanza kufanya kazi nilikuwa nimestaafu. Nikaenda ile nyumba ya Golden Valley kumsalimia mzee mmoja wa kanisa aliyelazwa pale. Wakaingia wasichana wawili, mmoja wa kwetu kabisa, wanasukuma mashine, wanamwinua taratibu huku wanabishana habari za harusi ya mtu. Sikuweza kujizuia. Wengine wangekaa kimya, mimi si wa hivyo.

"Hiyo sheria ya kuinua wawili," nikamwambia yule wa kwetu, "ni mimi niliyeitunga."

Akageuka akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Ni wewe, mama? Kweli?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi ni wewe ninayekutafuta. Ile fomu tunayojaza kila tukimwinua mtu, kurasa tatu, mama, kurasa tatu! Nani alifikiria hiyo? Mtu anangoja kwenda chooni sisi tunaandika."

Fomu ile haikuwa kwenye mswada wangu, iliwekwa baadaye na watu wa ofisi, na mimi sina kiti tena. Lakini nilivuta kiti cha mgeni, nikamwambia anionyeshe ukurasa kwa ukurasa ni mistari ipi haina maana. Ninayo nakala hapa mezani, na alama zake. Mmoja wenu akishinda, na aje kuichukua.